Tumbo la Pili la Muoki

Muoki Nzivo hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipoketi, na kazi yake ilimtaka aketi kutwa nzima, magoti yake yalichezacheza kama ya mtu anayengoja jina lake liitwe. Alichonga akiwa chini sakafuni, gogo amelibana kwa nyayo mbili, tezo mkononi, na kila baada ya muda aliinuka, akaenda hadi mlangoni pa karakana, akatazama barabara inayoshuka Gikomba, kisha akarudi. Wenzake walishazoea. "Ameenda kupokea wageni," walisema bila kuinua macho.

Nimeketi katika karakana nyingi za watu wanaofanya kitu kimoja maisha yao yote, wafua shaba, washona viatu, wafuma mazulia, na kwa lugha mbalimbali nimewasikia wakisema jambo lile lile: mkono ukishajua, kichwa kinapumzika. Muoki ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akilalamikia mapumziko hayo.

"Mkono unajua," aliniambia. "Sasa mimi nifanye nini?"

Katika karakana ile kila mchongaji ana mnyama wake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini kila mtu anajua twiga ni wa nani na ndovu ni wa nani, na mwenye swara hagusi simba. Muoki alikuwa na kifaru. Alimpata mwaka wa sabini na mbili, alipokuja kutoka Wamunyu akiwa kijana mwenye tezo la baba yake ndani ya gunia, na tangu siku hiyo alichonga vifaru wakubwa, vifaru wadogo, vifaru wa kushikilia vitabu na vifaru wa kutiwa mfukoni. Mnyama hukaa na mtu mpaka azeeke au aondoke. Akiondoka, humpa mwenzake mbele ya watu wote, na akishampa hamwombi tena. Asiye na mnyama huketi mwisho wa mstari, karibu na mlango, na huchonga vijiko.

Basi mwezi wa pili mwaka wa tisini na tisa, mwanamke mmoja aliyevaa viatu vya kazi za ofisini aliingia karakana, akasimama katikati ya mabanzi, mkoba kwapani.

"Ni nani hapa anaweza kunichongea ini?"

Watu wakacheka. Kisilu, aliyekuwa mlangoni na kijiko chake, akauliza, "La kukaanga ama la kuchemsha, mama?"

"La mtu."

Kicheko kikakatika. Muoki alikuwa ameshasimama. "La mtu mzima ama mtoto?"

Yule mwanamke akamgeukia. Alikuwa Daktari Teresiah Ngigi, mwalimu wa upasuaji katika chuo kimoja cha udaktari upande wa pili wa mji. Aliketi juu ya gogo, akaeleza bila haraka. Siku hizi, alisema, kuna upasuaji usiopasua tumbo lote. Daktari anatoboa matundu madogo, anaingiza vyuma virefu na kamera, na anafanya kazi akitazama televisheni. Kujifunza jambo hilo ni vigumu. Kwa hiyo alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kofia yenye televisheni mbili ndogo ndani yake, moja kwa kila jicho, iliyounganishwa na kompyuta. Mwanafunzi akiivaa anajiona yumo ndani ya tumbo. Akigeuza kichwa, tumbo nalo linageuka.

"Sasa shida iko wapi?" Muoki aliuliza.

"Macho yanaona ini, mkono unashika hewa. Wanajifunza kuona, kugusa hawajifunzi. Nami sitaki mwanafunzi wangu ajue ini linavyogusika kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya mama ya mtu."

Alichotaka ni tumbo la mbao ambalo lingewekwa chini ya vile vyuma, ili jicho linapoona ini kwenye kofia, mkono uguse ini papo hapo.

Kesho yake Muoki alitembea kutoka nyumbani kwake Shauri Moyo hadi chuoni. Walimvalisha ile kofia. Ilinuka nywele za watu wengine. Mara akaona ukuta mwekundu, kitu cha rangi ya zambarau kilicholala upande mmoja, na chini yake kifuko cha kijani. Akanyoosha mkono. Hakuna kitu. Akanyoosha tena, mara tatu, kisha akaivua.

"Ni kama kuota unakula," alisema.

Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akacheka. Huyu aliitwa Owen. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtaalamu wa kompyuta aliyekubali kufanya kazi pale kwa matumaini zaidi ya mshahara. "Lakini si ni poa, mzee? Hiyo ini nimeichora mimi mwenyewe. Pembetatu elfu nane."

"Umewahi kuishika?"

"Nini?"

"Ini."

"Zii. Nimeisoma kwa vitabu."

Muoki akamtazama kwa huruma, akamshika mkono, akampeleka soko la Burma, ambako nyama huning'inia tangu alfajiri. Wakasimama kwenye meza ya muuzaji mmoja, mzee wa Isiolo aitwaye Wehliye, wakabonyeza maini ya mbuzi kwa vidole, wakayainua, wakayaacha yaanguke.

"Mnanunua ama mnapapasa tu?" Wehliye aliuliza.

"Tunalisalimia," Muoki alisema.

"Basi limeshaitika. Toeni mikono."

Owen alicheka njia nzima kurudi. Kuanzia siku hiyo wawili hao walikula chakula cha mchana pamoja kwenye ngazi za maabara, mmoja akieleza mbao, mwingine akieleza pembetatu, na hakuna aliyemwelewa mwenzake vizuri.

Makubaliano yalikuwa haya. Muoki angechonga matumbo mawili, kwa ajili ya meza mbili za mafunzo. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, baraza la chuo lingekuja kutazama. Likiridhika, chuo kingechukua mashine na kumpa Owen kazi, na Daktari angeomba pia nafasi ya mchongaji wa kudumu: chumba chenye dirisha ghorofa ya juu, na kila muhula kitu kipya. Leo ini, kesho figo, mwakani moyo.

"Kila muhula kitu kipya," Muoki alimwambia mkewe, mama wa mtoto wao Wavinya, jioni ile, akizunguka chumba chao kimoja katika nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, mpaka Nzembi akamwambia akae, anamtia kizunguzungu.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya karakana nzima, akamkabidhi Kisilu kifaru. Kisilu alikuwa amechonga vijiko miaka sita. Alimpokea yule mnyama wa mfano kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Na ukirudi?" aliuliza.

"Sirudi."

"Nauliza tu. Ukirudi?"

"Chonga, bwana."

Nyumbani Nzembi alikuwa na neno lake. Ndiye aliyepiga msasa kazi ya mumewe miaka yote, ukucha kwa ukucha, pembe kwa pembe. "Umempa Kisilu kifaru wetu?"

"Wangu."

"Wako? Na nani amemkwangua masikio miaka hii yote? Hata kuniuliza?"

Muoki akatoka kwenda kutembea.

Tumbo la kwanza lilimchukua wiki tano. Kiwiliwili alikichonga kwa mjakaranda. Ini alilichonga kwa mti mwepesi, akalivika mpira wa tyubu aliouchemsha mpaka ukalainika. Kifuko cha nyongo alikitengeneza kwa kidole cha glovu ya hospitali. Aliubandika ukutani mchoro aliopewa na Daktari, akapima kila kitu kwa kamba na kwa vidole. Juu yake akafunika turubai jembamba, badala ya ngozi, akaligongomea misumari midogo kuzunguka ukingo. Daktari Teresiah alilikagua kabla halijafunikwa, saa nzima, akiingiza mkono na kutoa, akamrudisha mara mbili kurekebisha. Lilipowekwa chini ya vyuma na nyaya za Owen, mwanafunzi wa mwaka wa nne aitwaye Eve alivaa kofia, akashusha chuma polepole, na mkono wake ukasimama.

"Woi!" alisema. "Liko hapa! Daktari, liko hapa hapa ninapoliona!"

Muoki aliondoka chumbani kwa sababu hakuweza kusimama mahali pamoja. Walimkuta akizunguka maegesho ya magari.

Tumbo la pili lilienda haraka, kama kazi yoyote ya pili inavyoenda. Alirudi kuketi karakana kwa ajili yake, mahali pasipo pa mtu, na wiki mbili na nusu zikatosha. Mchoro hakuhitaji tena, na lile la kwanza Daktari alimwazima kwa muda ili alitazame, likiwa wazi. Alipomaliza alifunika yote mawili kwa turubai, akayapandisha kwenye mkokoteni na kusindikizana nao hadi chuoni.

"Hili la pili liko sawa na la kwanza?" Daktari aliuliza, akiligonga kwa kidole. Alikuwa na wagonjwa wanaomngoja.

"Ni ndugu yake," alisema Muoki.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, wiki moja kabla ya baraza. Jumanne Eve alivaa kofia kwenye meza ya pili. Alishusha chuma kwenye ini, na chuma kikapita kana kwamba anatoboa moshi. Akakisogeza upande ambao macho yalimwambia hakuna kitu, kikagonga. Akajaribu tena. Dakika ya tatu alivua kofia, akaketi sakafuni, kichwa katikati ya magoti.

"Nahisi kama niko kwa meli," alisema.

Mwanafunzi wa pili alikuwa hivyo hivyo. Wa tatu alikimbilia choo.

Hakuna aliyeitazama mbao. Kompyuta ndiyo huharibika, kila mtu anajua, na hii ilikuwa imewahi kuzima mara nne mwezi ule. Owen alibadilisha nyaya. Akabadilisha vishikio. Akapima upya pembe za meza, akaandika upya kurasa za programu, akafuta, akaandika. Jumatano macho yake yalikuwa mekundu. Alhamisi aliacha kuja kula kwenye ngazi.

"Mbao haibadiliki, Owen," Daktari alimwambia mbele ya wanafunzi. "Programu yako ndiyo inabadilika kila siku. Jumatatu niwaambie nini wale watu? Kwamba tuna mashine inayotapisha wanafunzi?"

"Nitaipata, Daktari."

"Ulisema hivyo juzi."

Ijumaa Owen alimjia Muoki, akajikuna kichwa. "Mzee, usinielewe vibaya. Hii ya pili... iko sawa sawa na ile?"

Muoki akamgeukia. "Kijana, mimi nachonga jozi tangu hujazaliwa."

"Pole, mzee. Nimechoka tu." Akarudi kwenye kiti chake.

Jumamosi adhuhuri Muoki alikuwa uani, nyuma ya nyumba, akila maharagwe huku amesimama, na Nzembi akianika nguo. Akamsimulia habari za Owen, na namna kompyuta inavyoweza kumtesa mtu.

"Maskini," alisema Nzembi. "Na jinsi ile jozi ilivyotoka vizuri."

"Ndiyo nasema."

"Nilipokuwa napiga msasa nilikuwa nimeyaweka yanatazamana pale kitandani. Nikasema huyu mzee bado ana mkono. Ini la huyu huku, ini la mwenzake huku, kama watu wawili mbele ya kioo."

Muoki akaacha kutafuna. "Huku wapi?"

Nzembi akaweka shati begani, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, kiganja kikitazamana na kiganja. "Huku na huku. Si ni jozi?"

Aliweka sahani chini, akajishika mbavu za kulia, kisha za kushoto, kisha za kulia. Alijiona yuko karakana, tumbo la kwanza amelisimamisha mbele yake kama alivyomsimamisha kila kifaru wa kwanza, ana kwa ana, na la pili katikati ya nyayo zake, mkono ukifuata jicho bila kuuliza. Ndivyo jozi huchongwa. Wanunuzi hupenda wanyama wawili watazamane juu ya rafu, huyu akielekea kulia, yule kushoto. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuchonga wa pili akielekea upande mmoja na wa kwanza. Mchongaji yeyote wa mstari ule angefanya vile vile, na angeona fahari.

"Nzembi," alisema. "Nimemchonga mtu ambaye hayuko."

Nzembi alimtazama mikono yake ikiwa kwenye mbavu, akaelewa. Akaketi juu ya beseni lililofunikwa. "Na yule kijana wa watu?"

Muoki alikuwa ameshafika lango la ua.

Alitembea mchana ule wote. Alipita Gikomba katikati ya marobota ya mitumba, akavuka mto, akapanda hadi karibu na Mathare, akarudi. Nyumbani kwa Daktari hakukujua, na ofisi yake chuoni ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Saa kumi alijikuta karakana, amechuchumaa kando ya Kisilu, aliyekuwa akitoa sikio la kifaru kwa ncha ya kisu. Akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Kisilu alipuliza vumbi. "Nani anajua?"

"Mimi na Mama Wavinya. Na wewe."

"Basi hakuna anayejua. Jumatatu waonyeshe la kwanza. Upate chumba chako. Wiki ijayo unasema unataka kulipaka vanishi, unalichukua, unaweka ini mahali pake. Kwisha."

"Na Owen?"

"Owen ana masomo. Atapata kompyuta nyingine. Wewe una nini?" Alitazama miguuni pake, kwenye mnyama, kisha akatazama pembeni kwa haya. "Sisemi kwa ubaya, Muoki."

"Najua."

Jumapili kanisani alitoka nje mara tatu, na mara ya tatu Nzembi alimfuata. Hakumwambia afanye nini. Alimwambia tu asisahau kuvaa koti jeusi kesho, kwa sababu la kahawia lina tundu.

Jumatatu alifika mapema ili aseme. Alikuta Daktari Teresiah akikimbizana na viti na chai. Alipomwita, alijibu, "Baadaye, Baba Wavinya, tafadhali," na Muoki, ni lazima tuseme ukweli, alishukuru. Owen alikuwa amevaa tai. Shingo yake ilionekana nyembamba ndani yake.

Baraza lilikuwa watu watano, wakiongozwa na Profesa Patrobas, mtu mrefu wa maneno machache. Eve alivaa kofia kwenye meza ya kwanza, akafanya kazi dakika kumi na mbili bila kukosea, na kile alichokiona kikaonekana kwenye televisheni kubwa ukutani. Wazee wale walisogea na kusogea mpaka wakawa wamemzunguka. Mmoja aliomba aguse. Mwingine akapiga makofi.

Profesa akaelekeza kidole meza ya pili, iliyokuwa imefunikwa shuka. "Na hiyo?"

Owen alisimama. "Ina hitilafu, Profesa. Ni programu yangu. Naomba wiki moja."

"Umekuwa nayo kwa muda gani?"

"Wiki moja."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Profesa alitazama kofia, akatazama tumbo, akawaza. "Daktari, mimi naona hivi. Kuna mbao, inafanya kazi. Kuna kompyuta, meza moja inafanya kazi, nyingine haifanyi. Wanafunzi watazame kwa kamera ya kawaida na waguse mbao. Hii kofia na huyu kijana tuviache kwanza." Akamgeukia Muoki. "Fundi, unaweza kutuchongea kumi kama hizi?"

Kumi. Chumba, dirisha, muhula baada ya muhula. Daktari Teresiah alitaka kumtetea Owen, lakini meza ya pili ilikuwa pale mbele ya watu. Owen alikuwa ameanza kuviringisha waya mkononi, taratibu, kama mtu anayefungasha.

Muoki alitoa kisu mfukoni. Akaondoa lile shuka kwenye meza ya pili, akaingiza ncha ya kisu chini ya msumari wa kwanza, akaung'oa.

"Baba Wavinya," alisema Daktari, "unafanya nini?"

"Nafungua."

Misumari ilikuwa arobaini, nayo ilianguka mmoja mmoja kwenye sahani ya chai. Alipofika nusu, Owen aliacha waya, akaja kumshikia turubai. Kisha Muoki akalikunja kando.

"Daktari, weka mkono."

Daktari Teresiah aliingiza mkono upande wa kulia wa kiwiliwili, mahali ambapo mkono wake ulikwenda wenyewe baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Ukakuta utupu. Akauhamisha. Vidole vikabonyeza mpira.

"Liko kushoto," alisema.

"Yote iko kushoto," alisema Muoki. "Na ya kushoto iko kulia. Kompyuta haina makosa. Huyu kijana alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwa kwake."

"Uliligeuza kwa nini?" Profesa aliuliza.

"Sikuligeuza, mkubwa. Nililichonga jozi." Akaeleza habari za rafu na wanyama wanaotazamana. Mmoja wa wale wazee alianza kucheka, kicheko kizuri kisicho na dharau, na kikamwambukiza mwenzake. Profesa hakucheka.

"Na ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Leo ni Jumatatu. Umesimama hapo saa nzima."

"Ndiyo."

Owen alikuwa ameshakimbilia kibodi. Aligeuza picha, kulia ikawa kushoto, kazi ya dakika mbili, na Eve akavaa kofia kwenye meza ya pili. Chuma kilishuka, kikagusa. "Liko hapa," alisema. "Ni mtu wa ajabu, lakini yuko." Watu wa baraza wakasogea tena.

Walikaa faraghani nusu saa. Mashine wakaichukua, na Owen akaandikiwa barua ya mwaka mmoja. Kuhusu mchongaji, Profesa Patrobas alisema chuo hakiwezi kumwajiri mtu anayeweka ini upande anaotaka na kunyamaza siku mbili. Alisema kwa upole, na kwa sababu hiyo hakukuwa na mahali pa kumshika.

Daktari Teresiah alimkuta Muoki kwenye korido, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ungeniambia asubuhi!"

"Nilikuita."

"Uliniita mara moja! Watu hunipigia kelele siku nzima, Baba Wavinya. Aliye na jambo hupiga kelele."

"Niliogopa."

Alimtazama, hasira ikikosa pa kwenda. "Mimi pia sikulifungua," alisema hatimaye. "Nililigonga kwa kidole, kama tikiti maji." Akavuta pumzi. "Sina nafasi ya kukupa. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Kesho nije saa ngapi?"

"Sijasema uje."

"Najua. Lakini lile la pili haliwezi kukaa hivyo."

Daktari akageuka, akaenda kwa wagonjwa wake.

Jioni alipita karakana. Kisilu alimwona uso, akamsukuma kifaru kwa unyayo hadi katikati yao, akasema, "Keti." Muoki alisimama mlangoni kidogo, akimwangalia yule mnyama ambaye desturi haikumruhusu kumwomba. Kisilu hakuwa ameombwa, alikuwa anatoa. Pengine hilo lilikuwa jambo jingine. Lakini magoti yalikuwa yameshaanza kucheza. "Umalizie sikio," alisema. "Hilo la kushoto limekaa juu sana." Akaenda zake nyumbani, ambako Nzembi alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akatafuta msasa laini na kuufunga ndani ya karatasi.

Jumanne saa moja asubuhi mlango wa maabara ulikuwa umefungwa. Muoki aliketi kwenye ngazi. Aliubandika mchoro wa Daktari ukutani kwa utomvu, kichwa cha mchoro kikiwa juu, akaandika kwa chaki kwenye shati lake mwenyewe, mbavu za kulia, alama ya msalaba. Kisha akatoa kipande cha mti mwepesi, akakibana kwa nyayo, akaanza. Mabanzi yaliruka hadi ngazi ya chini. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja, wakamruka, wakamsalimia, wengine wakasimama kutazama. Eve aliinama, akalitazama lile umbo lililokuwa likitokea, akatazama chaki, akasema, "Hapo sawa, mzee," akapita.

Daktari Teresiah alifika saa mbili kasoro, funguo mkononi, mafaili kifuani. Akasimama ngazi ya chini. Alitazama mchoro ukutani, shati, mti, uchafu wote ule mbele ya maabara yake. Muoki hakuinua kichwa, ila tezo lilisimama hewani.

"Sogea kidogo," alisema Daktari. "Watu wapite."

Muoki akasogea kidogo.